Alama Nyekundu Chini ya Kiti

Gari likimalizika pale chini, Mona alijua kwa kusikia kigelegele cha mama mkwe wake. Mama mkwe mwenyewe alishatangulia mbele ya haki, lakini sauti yake ilibaki katika kaseti ya arusi ya Mona na Jaffar, na kaseti hiyo mtoto wao Ayman aliihamishia kwenye flashi kabla hajaenda Doha kutafuta riziki. Jaffar, fundi wa redio za magari, hakuwa na kipimo kingine. Mafundi wenzake wana vidude vya kupimia na nyimbo za kizungu za kujaribia spika. Yeye alichomeka flashi yake, matari yakalia, wanawake wakaitikia, kisha kile kigelegele kikapanda juu kabisa, kirefu na chembamba, kama waya unaovutwa. Kikisikika safi, bila kukwaruza na bila kuzama, basi gari limekwisha. Mteja aitwe.

Mchana ule Mona alikuwa jikoni, ghorofani, akisugua karai la mahamri. Kigelegele kikapanda kutoka kichochoroni, kikaingia dirishani. Mona akafumba macho, na si kwa kumkumbuka marehemu. Sauti ilimchoma kama sindano ya kushonea magunia. Ng'ambo ya kichochoro jirani mmoja alifunga dirisha lake kwa kishindo.

"Ya Rabi," Mona alisema peke yake. "Amepandisha tena."

Nyumba yao iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro kinachotoka Ndia Kuu, si mbali na Ngome. Chini ni karakana ya Jaffar, chumba kimoja kinachomeza gari mpaka usawa wa milango ya mbele, na nyuma ya gari hubaki nje. Juu ndiko wanakoishi. Kwa miaka mingi Mona amesikiliza kazi ya mumewe kupitia sakafuni na dirishani, hata akawa anajua bila kufunzwa kama spika ni za karatasi au ni nzuri, kama mlango umezibwa vyema au bado ni bati tupu. Hakusoma sana, aliacha shule mapema kumlea nduguye mdogo. Lakini kusikia alisikia.

Na alichosikia mwaka huu na ule uliopita kilimkosesha usingizi. Magari ya Jaffar yalikuwa yakilia sauti nyembamba mno. Besi iko sawa, sauti ya katikati iko sawa, lakini ile ya juu, ya matoazi na pete za matari na herufi za "s" mdomoni mwa mwimbaji, ilikuwa kali kama kisu kinachopitishwa juu ya sahani.

Mona ni mtu wa kutizama. Alianza kumtizama mumewe. Akaona kwamba mbu akimzunguka Jaffar sikioni, hamfukuzi. Akaona kwamba mjukuu wao akipiga simu kutoka Doha, Jaffar hujibu "ndiyo, ndiyo, inshallah" hata pale mtoto anapomwuliza umekula nini. Akaona pikipiki ikimpigia honi kutoka nyuma kichochoroni, na mzee wa watu anakwenda zake polepole, mfuko wa nyanya mkononi, mpaka dereva anamtukana. Hilo la pikipiki ndilo lililomwingia zaidi. Kila Jaffar akitoka, Mona husimama dirishani mpaka amemwona amekunja kona.

Alijaribu kumwambia mara moja tu. Walikuwa wakila mbaazi.

"Baba Ayman, masikio yako hayakuumi?"

"Yaniume kwa nini?"

"Nauliza tu. Huenda yataka kuoshwa. Kuna daktari wa masikio—"

Jaffar aliweka kipande cha hamri chini. "Mimi? Nisisikie, mimi?" Akacheka, lakini cheko halikufika machoni. "Fundi wa redio asiyesikia! Waniombea nini, Mona? Nani ataniletea gari lake?"

Hakumsemesha tena mpaka Ijumaa. Baada ya hapo Mona hakurudia. Alijua kwamba mumewe hakukosea. Watu wakijua, hawatamletea magari. Na Jaffar bila magari ni Jaffar wa kukaa barazani kutwa, akizeeka huku watu wakimwangalia.

Ndipo alipoanza ile tabia yake. Jaffar akimaliza gari huenda msikitini kuswali alasiri, na mteja huambiwa aje jioni. Katikati hapo Mona hushuka ngazi na kitambaa chake cha maji, kupangusa dashibodi na viti. Wateja walilipenda jambo hilo. Gari la Fundi Jaffar, walisema, hurudi likiwa safi. Hawakujua kwamba Bi Mona huingiza mkono chini ya kiti, kwenye kile kisanduku cha kukuzia sauti, akapapasa vifungo vitatu, na kile cha mwisho, cha sauti nyembamba, akakirudisha nyuma kidogo kwa ukucha wa kidole gumba. Huwasha flashi kwa sauti ya chini, akasikiliza. Yeye alikuwapo siku ile. Ndiye aliyekuwa bi arusi. Alijua mama mkwe wake alivyokipiga kigelegele kile mle chumbani, kwa furaha na kwa kujionyesha. Alikirudisha kifungo mpaka mama akawa mama, kisha akapanda ngazi, miguu ikimuuma, kwenda kukanda unga wa kesho.

*

Gari la mchana ule lilikuwa la Joab.

Joab ni mtu wa bara, anafanya kazi reli na anaishi Tudor na mkewe, Sheryl. Ni mnene, mpole, na huimba besi katika kwaya ya kanisa lao. Gari lake dogo lilitoka Japani na redio yake, ambayo kila asubuhi ukiwasha gari humsalimia dereva kwa Kijapani. Siku alipolileta, Mona alimsikia kutoka dirishani.

"Mzee, hii redio iliyokuja na gari imenishinda. Nataka kujifunza sehemu yangu ya wimbo nikienda kazini, lakini nikiongeza sauti milango inatetemeka kama debe tupu. Besi siisikii kabisa."

"Si kosa la redio," Jaffar alisema, akiugonga mlango kwa kifundo cha kidole. "Wasikia? Bati. Na spika ni za karatasi. Wajapani hawakujui weye kuwa ni mwimbaji."

"Wengine wananiambia nitoe yote, niweke redio mpya yenye mataa."

"Weka. Wezi watakushukuru."

Joab akacheka sana. "Basi uso wa redio ubaki vile vile. Hata yule mama wa Kijapani aendelee kunisalimia, nimeshamzoea."

Kazi ya namna hiyo ndiyo Jaffar aliyoipenda: gari lionekane kama halijaguswa, lakini ukifunga mlango uwe umekaa ukumbini. Aliibandika milango kwa ndani ile mikeka ya lami watu wanayozibia mapaa, bati likaacha kutetemeka. Spika za karatasi akazitoa, akaweka nyingine. Nyuma ya redio alizivuta nyaya za spika, akazipitisha kwenye kisanduku cha kukuza sauti, na kisanduku akakificha chini ya kiti cha abiria. Yote aliyafanya bila kuchomoa betri, maana redio za namna hiyo zikikosa umeme hata kidogo hujifunga, zikataka namba ambayo iko kwao Japani. Mafundi wengi wamekwama hapo. Jaffar hakuwahi.

Kisha akachomeka flashi, akapandisha kigelegele mpaka majirani wakafunga madirisha, akaridhika, akaenda kuswali. Na Mona akashuka na kitambaa.

Kifungo kilimgomea kidogo siku ile. Kilikuwa kizito, kama kimeshikwa na kitu. Alidhani ni vumbi. Akakisukuma kwa ukucha, kikaenda.

Jioni Joab alikaa ndani ya gari lake, milango imefungwa, akasikiliza kwaya yake. Alipotoka, uso ulikuwa unang'aa. "Mzee, nawasikia mpaka wanavyovuta pumzi!"

Jaffar alitazama juu dirishani, kuona kama mkewe amesikia. Mona akatikisa kichwa kumkubalia. Furaha ile ya mumewe ilimchosha kuliko karai la mahamri, na asingeweza kuishi bila kuiona.

*

Jambo ambalo Mona hakulijua ni hili. Magari yaliporudi kwa matengenezo madogo, Jaffar alikuwa akivikuta vifungo vyake havipo alipoviacha. Akaanza kuwashuku wateja: huyu ameazima bisibisi, yule amempelekea fundi mwingine, kisha wanakuja hapa kudai kazi irudiwe. Hakumwambia mkewe. Alichukua tu ile chupa ya rangi nyekundu ya kucha, aliyoisahau mpwa wa Mona alipokuja likizo, na Mona alipomwona nayo alidhani anaweka alama kwenye skrubu za kifuniko kama mafundi wengi wafanyavyo. Kumbe kwenye kila kifungo alichora mstari mwembamba, kutoka kwenye kifungo mpaka kwenye kisanduku. Kifungo kikiguswa, mstari umekatika. Na sharti lake kwa mteja lilikuwa moja: ukigusa, mimi sipo, usiniletee tena gari lako.

Joab alirudi asubuhi ya siku nyingine, Sheryl kando yake. Spika ya mlango wa kulia ilikuwa imenyamaza. Kahawa ilikuwa inanywewa barazani, wazee na vijana wa mtaa wamekaa, na Mona alikuwa juu, anaanika nguo kwenye kamba ya dirishani.

"Ni waya tu huo," Jaffar alisema, bado kwa wema. "Umebanwa na mlango. Ngoja nitizame na kule kwengine. Mona! Niteremshie tochi!"

Mona akaitia tochi kwenye kikapu, akakiteremsha kwa kamba kama anavyoteremsha chai. Jaffar akaichukua, akapiga magoti, akamulika chini ya kiti. Akakaa pale muda kuliko inavyohitajika.

"Nani amegusa hapa?"

"Wapi, mzee?" Joab aliinama.

"Hapa. Tizama. Huu mstari mwekundu niliuchora mimi. Sasa kifungo kimekwenda huku na rangi imebaki kule. Kimetembea chenyewe?"

"Mimi hata sikujua kama kuna kifungo."

"Umempelekea fundi mwengine."

"Sijampelekea mtu, mzee. Haki ya Mungu."

Sheryl akatoka garini. "Baba, hili gari linalala mlangoni kwetu. Hakuna aliyeingia isipokuwa sisi wawili, na mimi hata redio siwashi."

"Basi ni jini," Jaffar alisema.

Barazani watu wakaangua kicheko. Kingi, kijana mwenye duka la vinyago anayekunywa kahawa hapo kila siku, hakuweza kujizuia. "Jini wa Tudor huyo! Yuwapenda besi!"

Joab hakucheka. Masikio yake yalikuwa yamemwiva. "Mzee, mimi ni shemasi kanisani kwetu. Nidanganye kwa ajili ya kifungo?"

"Nimeshadanganywa na watu wa kanisa na watu wa msikiti, na wote walikuwa na nyuso za heshima kama yako. Sharti langu ulilijua. Ukigusa, mimi sipo."

Kingi alitazama ndani ya kikombe chake. Kule juu Mona alikuwa ameshika kanzu mbichi ya mumewe kwa mikono miwili, maji yakimtiririkia mpaka viwikoni. Alikumbuka ule uzito wa kifungo. Kumbe halikuwa vumbi.

Sema, alijiambia. Sema sasa hivi. Na akaona yatakayofuata: "Kwa nini uliguse gari la mtu, Bi Mona?" Mbele ya Kingi na wazee wote wale. Aseme nini? Aseme mume wangu hasikii?

"Sawa, mzee," Joab alisema. "Sitabishana na wewe, wewe ni sawa na baba yangu. Lakini sijagusa."

Akamfungulia mkewe mlango. Gari likarudi nyuma polepole, na yule mama wa Kijapani akamsalimia kwa upande mmoja tu wa gari.

*

Mchana Jaffar alikula vizuri. Mona hakula.

"Mtu mzima hovyo," Jaffar alisema, akichambua samaki. "Yuwaniapia na uwongo ataka kuutia tamu. Na huyo mkewe naye."

"Huenda wasema kweli."

"Rangi haidanganyi, Mona."

Mona aliondoa sahani. Jikoni alizitia majini. Muda wote huu hofu yake ilikuwa moja, kwamba watu watamcheka Jaffar kwa masikio yake. Hakuwahi kufikiri kwamba itafika siku watamwogopa, kwamba atakuwa mzee anayemfedhehesha mtu barazani kwa kosa asilolifanya, naye mkewe ndiye aliyemtilia fitina hiyo kwa ukucha wake. Joab angeweza kusema maneno mabaya, akaondoka bila kuyasema. Hilo ndilo lililomkaa kifuani. Angetukana, pengine lingekuwa jepesi.

Baada ya alasiri kichochoro kilitulia. Baraza lilikuwa tupu. Karakanani mlikuwa na gari jingine, la mwalimu mmoja, limekaribia kwisha. Jaffar alikuwa ndani yake akijaribu flashi. Mona akashuka bila kitambaa. Akafungua mlango wa abiria, akaketi, akaufunga.

Jaffar akashangaa. "Wataka kupelekwa wapi?"

"Popote. Washa kaseti yetu."

"Kuna nini?"

"Washa, Baba Ayman."

Akawasha. Matari yakaja, na vicheko vya wanawake, na ile sauti ya sahani zikipangwa nyuma ya kila kitu.

"Sasa weka upendavyo weye," Mona alisema.

Jaffar akainama, akazungusha. Kigelegele kilipopanda Mona alikunja ngumi ndani ya kanga yake, akavumilia mpaka mwisho.

"Umemsikia mama?" Jaffar alisema, na uso wake ulikuwa laini. "Safi."

"Sasa ngoja." Mona akapitisha mkono chini ya kiti, akapapasa, akakipata kifungo cha mwisho. Alikirudisha nyuma, tena kidogo, mpaka pete za matari zikakaa mahali pake. Akarudisha kaseti nyuma. "Sikiliza."

Wakakaa. Matari yakapigwa. Wanawake wakaitikia. Jaffar alikuwa ameinamisha kichwa kama afanyavyo siku zote, jicho moja amelifumba, anangoja. Akangoja.

"Umezima nini?"

"Sijazima kitu."

"Mbona... Mama yuwapi?"

"Yupo. Apiga sasa hivi."

Jaffar akaitazama redio kana kwamba ina uso. Akasogeza sikio karibu na mlango, penye spika. Mkono wake ulikuwa umeshika usukani. "Bado apiga?"

"Bado." Mona alingoja. "Sasa amemaliza. Avuta pumzi."

Kaseti ikaendelea peke yake. Mona alitaka kumshika mkono, lakini alijua akifanya hivyo atalia, na mambo aliyokuja kuyasema yalikuwa hayajaisha.

"Joab hakugusa. Niligusa mimi. Siku ile nilipokuwa napangusa, nilikirudisha, kama hivi."

Jaffar akageuka, akamwangalia.

"Na mengine pia."

"Mengine yapi?"

"Yote, Baba Ayman. Tangu Ayman alipoondoka."

Jaffar alitazama mbele, ukutani, penye misumari ya kutundikia nyaya. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa chini sana. "Umeniacha nikamwita mtu mwongo mbele za watu."

"Ndiyo."

"Ulikuwa dirishani."

"Nilikuwa dirishani. Nilishindwa. Na siku ile nilipokuuliza masikio, ulininyamazia mpaka Ijumaa. Nilichoka, Jaffar. Nilidhani nakusitiri."

Jaffar alizima redio. Kisha akafungua mlango, akachukua koleo na bisibisi, akavitia mfukoni mwa shati. Akaichukua na chupa ya rangi.

"Vaa buibui lako," alisema. "Twende Tudor."

*

Walikwenda kwa tuktuk. Waliposhuka, Mona alitembea upande wa barabara, Jaffar upande wa ukuta. Alikuwa akifanya hivyo siku zote na Jaffar hajapata kuuliza. Safari hii alimtizama, akaelewa, akageuza uso.

Joab alikuwa nje, mbele ya nyumba, amevaa kaptura na fulana ya nyumbani, akimwaga maji machafu. Alipowaona aliweka ndoo chini haraka, akafuta mikono.

"Masalkheri, bwana Joab."

"Salama, mzee. Karibuni. Karibu, mama. Sheryl, tuna wageni!"

"Hatukai. Nimekuja kwa ule waya." Jaffar akakohoa. "Na kwa neno jingine. Kifungo kile kiliguswa nyumbani kwangu, kabla hujalichukua gari. Huyu Mama Ayman alikuwa apangusa viti, mkono wake ukagonga. Hukugusa weye. Nimekufedhehesha bure, na nitalisema pale pale barazani. Nisamehe."

Mona alitazama viatu vyake. Mkono ukagonga! Kwa hiyo ni yeye, mwanamke asiyeangalia akipangusa. Alingoja hasira imjie, haikuja. Alikuwa amechoka hata kwa hilo. Basi na iwe hivyo, akawaza, mradi yule bwana amesafishwa jina.

Joab aliachia pumzi kubwa. "Ah, mzee! Nilikuwa nimeshaanza kujishuku mwenyewe. Nikamwuliza Sheryl, labda mimi hutembea usingizini?" Akacheka, kisha akamgeukia Mona kwa heshima. "Lakini mama, nikwambie ukweli. Siku ile nilikuja mapema, mzee hakuniona. Nilisimama kona pale nikamsikia anajaribu. Masikio yaliniwasha! Nikasema, leo nimeharibu gari, na sasa nitamwambiaje mzee wa watu? Nikaenda zangu. Nilivyorudi jioni ikawa tamu, mpaka leo. Basi kama ni mkono uligonga, uligonga pazuri. Usiache kupangusa."

Jaffar alikuwa amepiga magoti kando ya mlango, koleo mkononi, na Mona aliona shingo yake ikitulia kabisa. Akaufunga waya upya, akaupitisha mbali na bawaba ili usibanwe tena. Spika ikalia. Akaenda upande wa abiria, akachungulia chini ya kiti, na hakukigusa kifungo. Alichovya brashi ndogo kwenye chupa.

"Mona," alisema, bila kugeuka. "Hebu sikiliza. Pako sawa hapo?"

Joab alitazama mmoja, akatazama mwingine, halafu akainamia ndoo yake kama mtu aliyekumbuka jambo.

Mona akaingiza kichwa garini. Kwaya ya Joab ilikuwa ikiimba, besi nzito chini, na juu yake sauti za wanawake, kila moja mahali pake.

"Pako sawa," alisema.

Jaffar akampa brashi. Mstari wa Mona ulikwenda upande kidogo, lakini ulitoka kwenye kifungo ukafika kwenye kisanduku.

*

Barazani Jaffar alilisema, kama alivyoahidi. "Yule bwana wa Tudor hakugusa. Kosa langu."

"Kumbe jini alikuwa wa nani, fundi?" Kingi aliuliza.

"Wangu. Yuwaishi ghorofani, apika mahamri." Wakacheka wote, hata Mona, kule juu, kidogo.

Habari ya daktari bado. Ayman ameambiwa, amepiga simu na kusisitiza, na Jaffar amejibu "tutaona." Mona hamsukumi. Bado husimama dirishani mpaka akunje kona.

Lakini gari likimalizika sasa, Jaffar huita kutoka chini. Mona huacha unga ulipo, akashuka zile ngazi na magoti yake yanayouma, mikono myeupe, akaingia kiti cha abiria ndani ya joto lile linalonuka lami. Jaffar huwasha kaseti yao na kuinama penye vifungo, bisibisi mkononi, macho kwa mkewe. Azungusha kidogo, amtizama. Azungusha tena.

"Yupo?"

"Yupo. Rudisha nyuma kidogo. Hapo, hapo basi."

"Amepanda?"

"Amepanda."

Jaffar hungoja mpaka Mona amwambie kwamba mama amemaliza. Kisha humpa brashi, naye hufunga mfuko wake wa bisibisi. Mona huchora mstari wake, hupulizia mpaka rangi ikauke, halafu hushika ukingo wa mlango ajiinue. Ngazi ni zile zile, na unga umeanza kukauka juu.